Salamu za Kwenye Kona

Fundi alikaa chini ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nusu saa nzima, miguu yake tu ndiyo inaonekana, na wanawake kumi na tisa wa kikundi cha Tushikane wameizunguka kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Alipotoka akajifuta mikono kwenye suruali, akamwangalia dereva Fidelis, halafu akaangalia migomba. Fundi akiangalia migomba, ujue kuna mtu anaumbuka.

"Breki nzima," akasema.

"Nzima kivipi?" akauliza Mama Gabrieli, mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuikatiza.

"Nzima, mama. Ningetaka kula hela yenu ningesema mbovu, lakini nimeungama juzi tu, sitaki kurudi kwa padri na dhambi ileile."

Hakuna aliyecheka. Kwa siku nne Fidelis alikuwa amemwambia kila mtu, kanisani, dukani, mpaka jamaa mmoja aliyempigia simu kwa kukosea namba, kwamba breki zilimgomea. Ndiyo maana, alisema, Alhamisi ile ya mvua kirikuu ya kikundi ilitupa tako kwenye kona ya chini ya kanisa, ikageuka, ikalala ubavu kwenye migomba, taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Hakuumia mtu. Mananasi mia tatu na mafenesi ishirini na moja yalishuka mlima yenyewe, bila dereva. Fenesi moja lilifika mbali kuliko mengine yote, likaingia jikoni kwa Kasiani na kuvunja chungu cha maharage.

Sasa macho yote yakamgeukia Fidelis, isipokuwa ya mke wake. Paskalia naye ni mwanachama, tena mwanzilishi. Alikuwa ameshika ngata yake ya kubebea tenga, anaifungua, anaikunja upya, anaifungua.

"Fidelis," Mama Gabrieli akasema, "sisi tulikuuliza gari limeangukaje?"

"Hapana, mama."

"Tulikuuliza kama umeumia. Habari ya breki umeileta mwenyewe." Akanyoosha mkono. Fidelis akaelewa, akatoa ufunguo mfukoni, ufunguo alioushika miaka kumi na moja mpaka kamba yake imekuwa rangi ya kiganja chake. "Wiki hii ataendesha Jastin. Jumapili baada ya misa utanishusha mimi mwenyewe, na mzigo juu, mpaka bondeni. Ukifika salama, ufunguo wako. Usipofika, ufunguo wa Jastin moja kwa moja."

"Asipofika, mwenyekiti, na wewe si utakuwa hujafika?" mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma.

Hapo ndipo walipocheka. Jastin, kijana wa bodaboda mwenye miwani ya jua hata siku ya mawingu, alikuwa ameshakaa kwenye kiti, anasogeza kioo. Kulikuwa na mzigo wa kupeleka njia panda, na Fidelis nyumbani kwake ni njia hiyohiyo. Akaambiwa apande. Kiti cha mbele kilikuwa na Mama Gabrieli. Kwa hiyo dereva wa miaka kumi na moja alipanda nyuma, akakaa juu ya mikungu ya ndizi, akawa anapigwa na matawi ambayo yeye mwenyewe huwa anawaambia abiria wayakwepe.

* * *

Kwenye kona ile Jastin alipunguza mwendo, na Fidelis akaona kaburi.

Lilikuwa kaburi zuri, haki ya Mungu. Udongo umepangwa, mawe pembeni, juu yake msalaba wa mgomba, na kibao kilichoandikwa kwa mkaa: HAPA AMELALA UDEREVA WA FIDELIS. ALIKUWA MTU WA WATU. Pembeni alikuwa amesimama Kasiani mwenyewe, kofia kifuani, anajifuta machozi yasiyokuwepo.

Ukoo wa Kasiani na ukoo wa Fidelis ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukucheka hata msibani kwako, anaweza kulala kwenye jeneza la baba yako akadai posho, na wewe ukikasirika basi mwenye aibu ni wewe. Kaburi la mtani hulibomoi. Unalikomboa.

"Jogoo mmoja!" Kasiani akapiga kelele. "Mwekundu! Nakufukua leo leo! Na chungu changu!"

Fidelis akacheka kwa nguvu, kama inavyotakiwa. Alicheka mpaka gari likapotea kwenye migomba, halafu akaacha ghafla, kama redio iliyoisha betri.

Nyumbani Paskalia aliweka ugali mezani akakaa upande wa pili, hakula.

"Baba Upendo, Jumapili wakipiga kura mimi nikae wapi?"

"Hawapigi kura. Ni majaribio."

"Watapiga tu. Wakianza kunong'ona ni kura hiyo." Akasubiri. "Breki ilikuwaje?"

"Mama Upendo, kula."

"Nimeuliza."

"Mguu wangu," Fidelis akasema, akaangalia mguu wa kulia kama wa mtu mwingine. "Toka siku ile, nikiwaza kona tu, unakanyaga wenyewe. Hata hapa nimekaa, angalia." Na kweli, chini ya meza kidole gumba kilikuwa kimeikandamiza sakafu. "Nikianza kuteleza Jumapili mguu utakanyaga breki mpaka mwisho, na pale ukikanyaga breki umekwisha. Na gari la kufanyia mazoezi sina."

Paskalia akachukua simu akampigia binti yao mjini.

* * *

Upendo alikuwa na miaka ishirini na mbili, diploma ya hesabu za biashara, na kazi isiyohusiana na diploma hiyo: alisimamia banda la gemu kule Kihonda, Morogoro. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, halafu akaomba baba yake apewe simu.

"Baba, njoo Moro. Bosi wangu ana gari la mazoezi. Unateleza unavyotaka. Likianguka, halikwaruziki."

"Gari gani hilo?"

"Aina yoyote unayotaka."

"Na matope je?"

"Matope yapo, lami ipo, mvua unawasha mwenyewe."

Fidelis aliona ni maneno ya mjini, lakini alienda. Jumanne saa nne alishuka stendi ya Msamvu na viatu vya misa, leseni ndani ya mfuko wa nailoni, na mkungu wa ndizi wa kumpa shukrani huyo bosi. Upendo akampokea mzigo, akamwamkia shikamoo, akamwingiza kwenye chumba chenye feni mbili na televisheni sita. Kwenye kona kulikuwa na kiti cha gari, kiti kweli, kimeng'olewa kwenye gari bovu na kufungwa nati juu ya mbao. Mbele yake usukani mdogo, chini pedali tatu, na televisheni kubwa.

Fidelis akazunguka kile kiti. Akachungulia nyuma.

"Gari liko wapi?"

"Ndiyo hili, baba."

"Upendo."

"Ndiyo, baba."

"Nimekaa kwenye basi saa tatu nzima. Na mkungu."

"Kaa kwanza, baba. Ukikaa dakika tano ukaona upuuzi, nakulipia nauli ya kurudi, na mkungu unarudi nao."

Vijana kama wanane walikuwa wameacha kucheza, wanaangalia. Mmoja, Selemani, mwanafunzi wa chuo mwaka wa pili ambaye darasani hawakumjua sura, akasogea karibu. "Shikamoo mzee. Karibu kwenye kiti cha moto."

"Marahaba. Wewe ndiyo bosi?"

"Mimi ndiyo deni la bosi," Selemani akajibu, na banda zima likacheka.

Fidelis akavua viatu, akaviweka sawasawa kando, akakaa pekupeku. Upendo akamchagulia gari dogo jepesi, la kusukumwa na tairi za nyuma kama kirikuu, na uwanja mpana uliolowa mvua, mtupu, wenye koni moja katikati. "Kazi ya leo ni moja tu. Izunguke hiyo koni huku tako likiwa nje. Usisimame."

"Kwa makusudi niteleze?"

"Kwa makusudi. Humu tunaita kudrifti."

"Miaka kumi na moja nalipwa nisiteleze."

Akakanyaga mafuta. Gari likazunguka kama pia, picha ikapinduka, na usukani ukajivuta mkononi mwake kwa nguvu. Fidelis aliruka kwenye kiti akaachia mikono yote miwili.

"Kuna mtu humu ndani!" akasema.

Vijana walilala chini kwa kicheko. Upendo akamweleza kwamba usukani una mota, unavuta kama usukani wa kweli tairi zikigoma. Fidelis hakumsikiliza tena. Alikuwa ameinama, anaupapasa usukani, anaugeuza kidogo, anauacha, anaangalia unavyorudi wenyewe katikati. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aibu ilikuwa bado ipo, lakini imesogea pembeni, imempisha mgeni mwingine.

"Hebu washa tena," akasema.

* * *

Siku hiyo alizunguka kama pia mara arobaini na tatu, Selemani alihesabu kwa sauti. Shida ya kwanza ilikuwa makalio.

"Mimi naendesha kwa makalio," Fidelis akamwambia binti yake. "Gari likitaka kuteleza makalio yanajua kabla ya macho. Humu yamekaa tu, hayaambiwi kitu."

"Basi sikiliza kwa mikono. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, tairi zimeacha kushika. Hapo hapo uache ujigeuze, ukimbilie kule tako linakokwenda. Wewe usiukabe, uusindikize tu. Halafu mguu usiende kwenye breki."

"Mguu huu?"

"Huo huo."

Mguu ukaenda kwenye breki. Mara ya kumi, mara ya ishirini. Upendo akachukua kiatu kimoja cha misa cha baba yake, akakiweka juu ya pedali ya breki. Sasa kila mara mguu ukienda huko unakuta kiatu cha Jumapili, na Fidelis hawezi kukanyaga kiatu cha Jumapili, amelelewa vizuri. Mguu ukajifunza kubaki kwenye mafuta.

Jumatano aliweza kuizunguka koni mara tatu bila kupinduka. Hakushangilia. Aliuliza maswali. Kwa nini gari linafuata macho? Maana alikuwa amegundua kwamba akiiangalia koni anaigonga, akiangalia anakotaka kwenda, anakwenda. Kwa nini mafuta kidogo yanalituliza tako, na mafuta mengi yanalifukuza, na kuyaachia ghafla ni kubaya kuliko yote? Vijana waliojaribu kujibu walikuta wanatetea vitu ambavyo hawajawahi kuviwaza. Selemani alimchorea kwenye boksi la pizza mishale ya nguvu na uzito, akakwama katikati, akasema hiyo mada ilifundishwa siku aliyokuwa hapa.

Alhamisi Upendo akamwekea barabara ya mlimani, kona kushoto, kona kulia, na pembeni watazamaji wa kuchorwa, wanapunga mikono. Fidelis aliingia kona ya kwanza vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu akagonga ukuta. Akaanza upya: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukuta. Mara sita, ukuta uleule.

"Dingi, kona ya pili ni ngumu kuliko hiyo na unaipita," Selemani akasema. "Hapo kuna nini?"

Upendo alikuwa haangalii televisheni. Alikuwa anaangalia mikono ya baba yake. Kwenye kona ya tatu watazamaji walikuwa wengi, wamesogea barabarani kabisa. Na kila alipofika pale, mkono wa kulia wa Fidelis uliachia usukani, ukapanda mpaka usawa wa sikio, ukapunga.

"Baba. Unawasalimia?"

"Nani?"

"Hao watu wa kwenye gemu."

Banda likalipuka. Mtu alimwaga soda. Mwingine akawa anapiga ukuta na ngumi, "Anawasalimia! Mzee anawasalimia!" Fidelis aliuangalia mkono wake, bado uko hewani.

Kule mlimani dereva anasalimia. Humpiti mtu hivihivi, awe na jembe, awe na mtoto mgongoni, awe amelewa. Usipopunga leo, kesho wanasema gari limempa kiburi, na keshokutwa hakuna atakayekuja kulisukuma likikwama. Mkono wa Fidelis ulikuwa umefanya kazi hiyo miaka kumi na moja, haumuulizi tena mwenyewe.

Hakucheka nao. Alikuwa kama mtu aliyeona kitu kikitoka shimoni. Upendo akawafukuza vijana na kitambaa cha kufutia vumbi, akachuchumaa karibu na kiti.

"Alhamisi ile, baba. Kulikuwa na mtu kwenye kona?"

"Kasiani," Fidelis akasema polepole. "Alikuwa juu ya kingo, kajifunika jani la mgomba. Akanitukana, si unamjua. Nikanyanyua mkono kumjibu. Usukani ukawa mwepesi... huo huo wepesi wa humu. Nikaudaka kwa nguvu, nikakanyaga breki." Akaushusha ule mkono. "Nilijua tangu siku ile. Lakini utawaambiaje watu mananasi mia tatu yamekwenda kwa sababu ya salamu?"

* * *

Paskalia alifika Ijumaa mchana na mdalasini wa kuuza sokoni na wali kwenye hotipoti. Alikuta mume wake anapita kona ya tatu huku ameuma ulimi, mkono wa kulia umefungwa kwenye usukani kwa mtandio wa Upendo.

"Mmemfunga baba yenu?"

"Ameomba mwenyewe, mama. Tukiufungua unasalimia."

Wakamweleza yote. Fidelis alingoja mkewe amwambie kitu kuhusu uongo wa breki, akawa tayari ameinamisha kichwa. Paskalia alikuwa anauangalia usukani.

"Niwashieni na mimi," akasema.

Hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli. Akafunga kanga vizuri, akakaa, akakwepa kugusa chochote mpaka Upendo alipomwonyesha. Gari likaanza kuteleza. Vijana wakasubiri kicheko chao. Paskalia hakukaza mikono. Aliuacha usukani upite kwenye viganja, kichwa chake kimenyooka hakigeuki, macho mbali, na lile gari likaizunguka koni nusu nzima, tako nje, polepole, kabla halijapinduka.

"Mama ana leseni ya wapi?" Selemani akauliza.

"Ya tenga," Paskalia akasema. "Wewe umeshawahi kushuka Uluguru na tenga la mananasi kichwani, kumenyesha? Utelezi ukikukamata usisimame. Ukisimama, tenga linatangulia. Unaufuata mguu unakokwenda, hatua ndogondogo, shingo haisogei, unaangalia mbele unakotaka kukanyaga." Akamgeukia mume wake. "Na mwenye tenga hasalimii kwa mkono. Mikono ina kazi. Anasalimia kwa mdomo, na hakuna aliyewahi kumwita ana kiburi. Ningekwambia siku nyingi. Hukuniuliza."

"Hukuniambia unajua kudrifti."

"Hukuniambia breki nzima."

Fidelis akafungua mtandio mkononi. Alikaa tena kwenye kiti, na mkewe akasimama nyuma yake. Kwenye kona ya tatu, watazamaji wa kuchorwa walipopunga, mkono wa kulia ulitetemeka kama samaki aliyeguswa. Ukabaki.

"Hamjambo jamani!" Fidelis akaiambia televisheni kwa sauti kubwa, akapita.

* * *

Jumapili mvua ilianza wakati wa mahubiri. Baada ya misa wanawake wa Tushikane walikusanyika kwenye kibaraza cha kanisa, na kirikuu ilikuwa nje, mananasi juu, turubai limefungwa. Jastin alikuwa ameegemea mlango kama mtu aliyezaliwa nao. Kioo cha upande kilikuwa kimepasuka, na hakuna aliyekuwa amemuuliza bado.

Fidelis aliomba kusema.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Breki zilikuwa nzima. Niliwadanganya. Nilinyanyua mkono kumjibu Kasiani, gari likateleza, nikashika vibaya. Ni hivyo tu."

Mvua tu kwenye bati. Halafu vichwa kumi na tisa vikageuka kumtafuta Kasiani, ambaye alikuwa mlangoni anasubiri vituko.

"Mimi?" Kasiani akasema. "Nilimtukana tu, kama siku zote!" Kwa mara ya kwanza hakuna aliyejua kama anatania, hata yeye mwenyewe. Akavaa kofia, akatoka mvuani, akashuka na njia ya mkato.

"Heri ungebaki na breki," mwanamke mmoja akanong'ona. "Breki ingeeleweka." Kunong'ona kukaanza kusambaa, ile kura aliyoisema Paskalia. Paskalia akaweka ngata kichwani, akabeba tenga lake, akasimama upande wa gari, peke yake.

Mama Gabrieli akapanda kiti cha mbele. Gari likainama upande wake. "Tusichelewe. Mananasi hayasikilizi ungamo."

Fidelis akavua viatu vya misa, akaviweka juu ya dashibodi. Mama Gabrieli akaviangalia, akaamua kutouliza. Wanawake wengine wakashuka kwa miguu na njia ya mkato, matenga kichwani, nyayo zikinyonya matope, ili wafike kwenye kona kabla ya gari. Hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Kushuka kulikuwa taratibu. Mama Gabrieli aliongea njia nzima: bei ya nanasi imeshuka, mdalasini wanaupima kwa mzani wa uongo, Jastin kapiga kioo kwenye nguzo na kanyamaza, yaani madereva nyie mna ugonjwa gani wa kusema. Fidelis alikuwa anajibu "ndiyo, mama" na anasikiliza makalio yake. Yalikuwa yamerudi kazini.

Kona ikaja. Juu ya kingo, wanawake wamepanga mstari. Kwenye ukingo wa nje, kaburi. Na pembeni ya kaburi, Kasiani, jani la mgomba kichwani, ameunyanyua mkono juu kabisa.

"Kipofu we! Ndama we! Salamu huoni?"

Kidole gumba cha mguu kikajikunja. Usukani ukawa mwepesi.

Haikuchukua muda wa kusema Amina. Tako la kirikuu likaanza kwenda nje, kuelekea kaburi, na mikono ya Fidelis ikaenda nalo, ikausindikiza usukani, ikaurudisha. Mguu ulibaki ulipo, mwepesi, kama vile kwenye breki kuna kiatu cha Jumapili. Macho yake hayakuangalia kaburi wala Kasiani. Yaliangalia kule chini, mti wa mdalasini, mahali barabara inaponyooka. Gari likanyooka.

"...na mzani ule ukiuwekea jiwe tu unasoma kilo moja pungufu," Mama Gabrieli alikuwa anaendelea. Akatazama nje. "Mbona leo unaendesha kama umebeba bibi harusi? Ongeza mwendo kidogo."

"Ndiyo, mama."

Bondeni Fidelis akasimamisha gari, akazima, akashuka pekupeku, akaweka jiwe kwenye tairi. Halafu akaanza kuupanda mlima kwa miguu.

"Unaenda wapi?" Mama Gabrieli akaita.

"Kusalimia!"

Alimkuta Kasiani amechuchumaa kwenye matope, wanawake wamemzunguka. Alama ya tairi ya nyuma ilikuwa imejipinda kama mundu, imelipita kaburi kwa pembeni. Kasiani alikuwa anaipima nafasi iliyobaki kwa kiganja, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Paskalia alikuwa ameinama naye, tenga kichwani, shingo imenyooka.

"Shubiri moja na nusu," Kasiani akatangaza. Akainuka, akamwangalia mtani wake, akauangalia mkono ulionyooshwa kwake. "Ndiyo huu uliomwaga mananasi?"

"Ndiyo huohuo."

Kasiani akaushika, akaushika muda mrefu kuliko mtani anavyoruhusiwa. Halafu akaupiga teke msalaba wa mgomba, ukashuka bondeni kwa njia ileile ya mananasi. "Marehemu amefufuka bila kibali. Jogoo bado namdai. Na chungu."

Kutoka chini honi ikalia, mara tatu, ya mtu asiyejua kupiga honi.

"Dereva!" sauti ndogo ya Mama Gabrieli ikapanda na mvua. "Dereva! Umeacha ufunguo kwenye gari, unataka nani akutunzie?"

Watu wote kwenye kona walimgeukia Fidelis. Alikuwa hana gari, hana usukani, mikono yote miwili iko huru. Hakunyanyua hata mmoja.

"Nakuja, mama!" akajibu, kwa mdomo.